Mgonjwa wa Ini Anakonda Huku Tumbo Likijaa: Namna ya Kumlisha Ili Misuli Isiishe

Shati linabana tumboni, mabega yanapwaya. Jirani akimwona anasema, "Afadhali, siku hizi amenenepa." Wewe unayemfulia nguo na kumshika mkono akiamka kitandani unajua si kunenepa. Tumboni ni maji. Mapaja yamekwisha, panja zimebonyea, na pete iliyokuwa haivuki kiungo cha kidole sasa inadondoka yenyewe kwenye beseni la kunawia.

Hii ndiyo hali ya wengi wenye sirosisi, yaani ini lililosinyaa na kuwa gumu kwa sababu ya homa ya ini B au C, pombe, mafuta kwenye ini au sababu nyingine. Mwongozo huu nimemwandikia anayepika. Wanaoniuliza kuhusu jambo hili hukwama palepale: mgonjwa anakula mara mbili au tatu kwa siku, analala na njaa bila mwenyewe kujua, na mtu fulani amewaambia wamnyime nyama, mayai na maharage. Mimi mwenyewe nilikosea yote hayo miezi minne mfululizo nilipokuwa namuuguza mjomba wangu.

Kabla hujaanza

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliye nyumbani, mwenye akili timamu na anayeweza kumeza. Kama ana ugonjwa wa figo au anatumia dawa za kisukari, peleka mpango huu kliniki kwanza, kwa sababu vipimo vya chakula na dozi vitabadilika. Na kama amekaa wiki nzima au zaidi bila kula cha maana, usimjazie sahani ghafla. Mwili ulioshinda na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kuyumba. Huyo aanzie hospitali.

Vitu vya kuwa navyo

- Mizani ya kusimama, hata ya kuazima.
- Futi ya fundi cherehani.
- Daftari na kalamu.
- Kikombe cha mililita 250, kijiko cha chai na kijiko cha chakula. Chagua vya kwako na usivibadilishe.
- Chupa ya chai inayotunza joto.
- Kiti imara kisicho na magurudumu.
- Kikopo kidogo chenye mfuniko, cha chumvi ya mgonjwa peke yake.
- Chakula: unga wa uji, maziwa au mtindi, mayai, maharage au choroko, karanga, dagaa au samaki, ndizi mbivu, viazi vitamu, mafuta ya kupikia, mboga za majani.

Maziwa ya unga ya makopo yenye jina la hospitalini si lazima. Ukiweza kuyanunua, sawa. Lakini nimeona familia ikiuza kuku watatu ili inunue kopo moja, wakati mayai ya kuku hao yangemlisha mgonjwa mwezi mzima.

Hatua ya 1: Pima mkono, usiuamini uzito peke yake

Mizani hupima misuli, mafuta na maji kwa pamoja. Mtu anaweza kupoteza kilo tatu za nyama na kuongeza kilo nne za maji, nanyi mkashangilia kilo moja iliyoongezeka.

Mwambie alegeze mkono asioutumia sana. Tafuta katikati ya bega na kiwiko, zungusha futi bila kuikaza wala kuiacha ilegee, kisha andika sentimita. Rudia kila baada ya wiki mbili, mahali palepale, na mpimaji awe yuleyule.

Halafu jaribio la kiti. Akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kujishika. Hesabu sekunde. Zikizidi 15, miguu imedhoofika. Asipoweza kabisa, andika "hajaweza". Nacho ni kipimo. Wewe simama karibu naye, asije akaanguka.

Sasa kadiria uzito wake bila maji. Maji yakiwa kidogo tumboni, punguza asilimia 5 ya uzito wa mizani. Yakiwa ya wastani, 10. Tumbo likiwa limejaa na kukaza, 15. Miguu yote miwili ikiwa imevimba, ondoa asilimia 5 nyingine. Mfano: mizani inasema kilo 60, maji ni ya wastani na miguu imevimba. Unaondoa asilimia 15, zinabaki kilo 51.

*Umefanikiwa ukiwa na namba tatu daftarini:* mzunguko wa mkono, sekunde za kiti, uzito bila maji.

Hatua ya 2: Jua anahitaji kiasi gani

Miongozo ya kitabibu ya ugonjwa wa ini, kwa mgonjwa asiye mnene kupita kiasi, inataka nishati ya kilokalori 35 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mgonjwa wetu wa kilo 51 atahitaji kilokalori 1,785 hivi, na protini gramu 61 hadi 77.

Huna haja ya kupima kila tonge. Kariri haya machache:

- Yai moja: protini gramu 6.
- Kikombe cha maziwa au mtindi: 8.
- Upawa wa maharage yaliyoiva, yaani nusu kikombe: 7.
- Kipande cha samaki au nyama cha ukubwa wa kiganja bila vidole: karibu 20.
- Vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa: 4.
- Kijiko cha chakula cha mafuta: hakina protini, lakini kina kilokalori 120.

Uji mwepesi wa mahindi, ule wa kunywewa kama maji, una unga kidogo mno. Kikombe chake hakifiki hata nishati ya vijiko viwili vya mafuta, na protini yake ni ya kutafuta kwa tochi. Mjomba alikuwa anakunywa vikombe vinne kwa siku na sote tukiamini amekula.

Hatua ya 3: Ufupishe usiku

Ukiweza kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Ini zima huweka akiba ya sukari wakati wa mchana na kuitoa kidogo kidogo usiku wakati mtu amelala. Ini lililosinyaa halina tena ghala la kutosha. Akiba inaisha mapema, lakini ubongo bado unataka sukari, kwa hiyo mwili unaigeukia misuli, unaivunja na kuigeuza sukari. Mwenye sirosisi aliyelala usiku mmoja bila kula anaamka mwili wake ukiwa katika hali ya mtu mzima wa afya aliyefunga siku mbili hadi tatu.

Piga hesabu ya kwenu. Chakula cha jioni saa moja usiku, chai saa tatu asubuhi: saa 14. Kila siku. Ndiyo maana anakula mchana na bado anakwisha.

Fanya hivi:

1. Mpe chakula kidogo kabla tu ya kulala, saa tatu au saa nne usiku. Kiwe na wanga gramu 50 hivi na protini kidogo.
2. Asubuhi ale mara tu anapoamka. Kuoga, kufagia uwanja na kusubiri mkate wa dukani vije baadaye.
3. Akiamka usiku kwenda haja ndogo, na wanaotumia dawa za kutoa maji huamka sana, awe na ndizi pembeni. Hata nusu si haba.

Vyakula vya usiku vinavyofikia kipimo hicho:

- Uji mzito: unga gramu 50 (vijiko vya chakula vitano hivi vilivyojaa kiasi), upikwe kwa kikombe kizima cha maziwa na maji ya kulainisha.
- Slesi mbili za mkate, kikombe cha maziwa na ndizi moja ndogo.
- Viazi vitamu vilivyochemshwa, viwili vya wastani, na kikombe cha mtindi.

Watu hukwama hapa kwa sababu saa nne usiku mpishi ameshalala na moto umezimwa. Pika uji pamoja na chakula cha jioni, umimine ukiwa unachemka kwenye chupa ya chai, mgonjwa aunywe usiku huohuo. Usiuache wenye maziwa ukae vuguvugu mpaka alfajiri. Unachacha, na kinga ya mgonjwa huyu ni ndogo.

Na mgonjwa atakataa. "Mjomba, mimi si mtoto mchanga wa kuamshwa kunyonya," aliniambia, akageukia ukutani. Nikamwambia, "Sawa mjomba, basi kunywa kwanza ndiyo ulale." Wiki ya kwanza tulibishana kila siku. Kilichosaidia ni kumhamishia dawa zake za usiku saa ileile, baada ya kumuuliza daktari. Kidonge kinahitaji kitu tumboni, basi uji ukawa sehemu ya dawa. Wazee wengi hawabishani na dawa kama wanavyobishana na chakula.

Mwaka 2008 watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wenye sirosisi kwa miezi 12. Wote walipewa nyongeza ileile ya lishe, wengine mchana na wengine usiku. Waliopewa usiku waliongeza nyama ya mwili inayolingana na kilo 2 hivi. Wa mchana hawakupata faida hiyo.

*Tahadhari:* mwenye kisukari asirukwe, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka mno usiku. Mpe wanga wa nafaka au viazi badala ya soda na sukari, na dozi zake zipangwe na daktari.

*Umefanikiwa* pengo kati ya kula kwa mwisho na kula kwa kwanza likishuka chini ya saa 10.

Hatua ya 4: Gawa siku mara sita

Tumbo lenye maji linabana mfuko wa chakula, mtu anashiba kwa matonge matano. Sahani kubwa inamvunja moyo. Tumia sahani ndogo, saa zikaribiane, na ale kigumu kwanza ndipo anywe.

Siku moja ya mgonjwa wetu wa kilo 51:

- Saa moja asubuhi: uji wa maziwa wenye karanga zilizosagwa.
- Saa nne: yai la kuchemsha na ndizi.
- Saa saba mchana: wali, upawa wa maharage ya nazi, mchicha.
- Saa kumi: kiazi kitamu na chai.
- Saa moja usiku: ugali na samaki wa ukubwa wa kiganja.
- Saa tatu na nusu usiku: uji wa maziwa.

Maziwa, karanga, yai, maharage na samaki peke yake ni gramu 53 za protini. Unga, mchele na mchicha vinajazia kama 20. Jumla iko ndani ya lengo, bila kopo la duka la dawa. Kilokalori zikipungua, ongeza kijiko cha mafuta kwenye mboga au tui zito kwenye maharage.

Hatua ya 5: Acha kuiogopa protini

"Mgonjwa wa ini asile nyama." Ushauri huu una asili yake. Protini ikivunjwa hutoa amonia, yaani taka yenye sumu, ini bovu linashindwa kuisafisha, na amonia ikifika kwenye ubongo mtu anachanganyikiwa. Zamani hata hospitali ziliwanyima protini wagonjwa hao.

Kilichosahaulika ni kwamba msuli nao unasafisha amonia. Ini likilegea, msuli unashika sehemu ya kazi yake. Ukimnyima mgonjwa protini, mwili unavunja misuli yake, na kuvunjika huko kunatoa amonia ileile uliyokuwa unaikimbia. Umepata hasara mara mbili. Utafiti wa Barcelona wa mwaka 2004 uliwapa protini ya kawaida wagonjwa waliolazwa kwa kuchanganyikiwa. Walipona sawasawa na walionyimwa, na walionyimwa ndio walioonekana kuvunja zaidi protini ya miili yao.

Kwa hiyo usimnyime. Igawe kwenye milo yote badala ya kumpa nyama nusu kilo Jumapili. Kama aliwahi kuchanganyikiwa, egemea zaidi maharage, choroko, mayai na maziwa, maana wengi huvivumilia vizuri kuliko nyama nyekundu. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, uyapike yaive hasa; gesi itapungua.

Amepewa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo? Lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Kufunga choo kunamrudishia amonia. Kuharisha kunamkausha maji, na mwisho wake ni kuchanganyikiwa vilevile.

*Tahadhari za vyakula vyenyewe.* Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Kwa mwenye homa ya ini B, sumukuvu inazidisha hatari ya saratani ya ini. Chambua karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au chungu, tupa, usimpe hata kuku. Maziwa yachemshwe. Walio pwani: chaza na kome wabichi ni marufuku kabisa, kuna bakteria wa baharini anayeweza kumuua mwenye ini bovu kwa siku chache.

Hatua ya 6: Chumvi kwa kikopo

Mwenye maji tumboni asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya mkate.

Kila asubuhi weka kwenye kikopo chake robo tatu ya kijiko cha chai. Chakula chake kipikwe bila chumvi, anyunyize mwenyewe mezani. Kikopo kikiisha, kimeisha mpaka kesho. Chumvi ya juu ya chakula ulimi unaisikia haraka, kwa hiyo kidogo kinamtosha.

Chumvi iliyojificha ndiyo inayowaponza watu. Magadi ya kulainishia maharage au mlenda yana sodiamu ileile. Viungo vya supu vya pakiti, ng'onda, papa mkavu, soseji: acha. Dagaa wa Ziwa Victoria hukaushwa juani bila chumvi, hao wanafaa. Dagaa wa baharini wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kukaushwa, na kuloweka kunapunguza tu. Usinunue "chumvi mbadala" ya dukani bila kumuuliza daktari. Nyingi zina potasiamu, na baadhi ya dawa za kutoa maji huizuia isitoke mwilini. Ndimu, ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu vitakutosha.

Lakini akianza kuacha chakula kwa sababu hakina ladha, mrudishie chumvi kidogo na umwambie daktari. Chakula kisicho na chumvi kilichobaki kwenye sahani hakimjengi mtu.

Hatua ya 7: Asimame

Chakula bila kutumia misuli kinaishia kwenye mafuta. Kiti kilekile cha jaribio ndicho cha mazoezi: asimame na kukaa mara 5, apumzike, arudie mara tatu, siku nne au tano kwa wiki. Aongeze chupa mbili za nusu lita za maji, ainue mikono polepole. Atembee mpaka getini na kurudi, kesho mpaka kwa jirani. Afanye baada ya kula, kamwe si kabla ya chai ya asubuhi.

Asibebe ndoo wala magunia, na asibane pumzi akinyanyua kitu. Wengi wenye sirosisi wana mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, na kujikamua kunaiongezea shinikizo.

Siku zinazovuruga mpango

Siku ya vipimo vya kufunga: omba namba ya mwanzo asubuhi, mpe chakula cha usiku kwa kuchelewa kadiri ulivyoruhusiwa, na ubebe yai na ndizi kwenye mkoba ale pale pale benchi baada ya kupimwa.

Ramadhani: aliye na maji tumboni, au aliyewahi kutapika damu au kuchanganyikiwa, madaktari humshauri asifunge. Mjomba alilia kwa hilo. Sheikh wa mtaani ndiye aliyemtuliza, akamkumbusha kuhusu fidia. Mshirikishe sheikh mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Pombe, iwe bia, mnazi au gongo, ni sifuri. Miti shamba "ya kusafisha ini" nayo ni hivyohivyo. Maumivu yakimbana, diklofenaki na ibuprofeni haziruhusiwi, na parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku.

Hatua ya 8: Soma daftari lako

Wiki mbili za kwanza hutaona mkono ukinenepa. Utaona anaamka bila kutetemeka na hachoki akivaa suruali. Baada ya wiki sita hadi nane, sekunde za kiti zipungue. Mzunguko wa mkono ukibaki palepale baada ya miezi ya kushuka, ni ushindi. Ukipanda nusu sentimita, nenda kamwonyeshe daktari kwa furaha.

Uzito ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya wiki moja, hayo ni maji. Piga simu kliniki. Mkono ukiendelea kushuka na milo sita inaliwa kweli, mwombe mtaalamu wa lishe, na daftari ubebe.

Mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami. Akipata homa au maumivu ya tumbo lenye maji. Akianza kulala mchana na kukesha usiku, kusahau majina ya watoto, au viganja vikipepea akinyoosha mikono mbele. Akiwa na usingizi mzito usimpe uji wala dawa mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, chukua daftari na pakiti za dawa zake zote, mwondoke.